Uliza Shangazi: Ni dola 84 au dola 7,500?

Kila Januari, bili za kodi ya jengo zikishaingia kwenye masanduku ya barua huku Massachusetts, simu yangu hailali. Safari hii wengi wenu mnauliza mstari mmoja tu, ule wenye herufi tatu: CPA, yaani Community Preservation Act, sheria inayouruhusu mji kutoza nyongeza ya kugharamia makazi nafuu, mambo ya kihistoria, na maeneo ya wazi na michezo. Nasema "kodi ya jengo" makusudi, maana ukimwambia Mswahili "kodi ya nyumba" anaelewa ile anayompa mwenye nyumba kila mwezi, na leo hizo kodi mbili zitakutana humu, tusije tukachanganyana.

*Shikamoo Shangazi. Mimi na mke wangu tumenunua nyumba ya mbao ya orofa tatu hapa Worcester. Sisi tunakaa chini, juu kuna wapangaji. Bili ya kodi inakwenda moja kwa moja benki, mimi nimeletewa barua tu kwamba rejesho la mkopo litapanda. Nikamuuliza jirani, Mkenya aliyekaa hapa miaka mingi, akasema ni ile tozo ya CPA, asilimia moja na nusu ya nyumba. Nyumba imethaminiwa dola 500,000. Nikapiga hesabu kwenye simu, ikaja 7,500. Mke wangu alikuwa zamu ya usiku, nikabaki peke yangu mezani na ile barua mpaka alfajiri. Tumekimbia tozo za miamala nyumbani, tumezifuata huku? Nani aliipitisha hii, na tunaweza kuikataa?*
*Mwenye nyumba mpya, Worcester*

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa nyumba. Kwanza kalale. Jirani yako kakosea neno moja tu, lakini ndilo neno lenyewe. Hiyo asilimia 1.5 inatozwa juu ya kodi. Haitozwi juu ya nyumba.

Chukua kalamu. Nyumba yako ni 500,000. Kwa ajili ya tozo hii, Worcester imesamehe dola 100,000 za kwanza za thamani ya nyumba ya kuishi, kwa hiyo zinabaki 400,000. Kiwango cha kodi hubadilika kila mwaka. Tukadirie dola 14 kwa kila elfu, hesabu iwe nyepesi. Unapata 5,600. Asilimia 1.5 ya 5,600 ni dola 84 kwa mwaka mzima. Bili zikija mara nne, kila bili ina dola 21 za CPA. Kodi ya jengo yenyewe, kwa kiwango hicho hicho, ni dola 7,000, na kama unataka kitu cha kukunyima usingizi basi chukua hicho. Rejesho lako likipanda sana, waulize benki wakuchambulie: mara nyingi ni thamani ya nyumba iliyopandishwa, au bima. Dola 84 hazina ubavu huo.

Halafu iombe ile bili yenyewe. Nakala utaipata kwa mtunza hazina wa jiji. Usiridhike na barua ya benki. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu yalinikuta. Mimi nakaa mji mwingine, nje kidogo ya Boston, na mji wetu uliikubali sheria hii zamani. Benki ilikuwa inapokea bili na kulipa, mimi naletewa karatasi moja ya mwisho wa mwaka, naikunja, naitia kwenye kopo la biskuti. Mume wangu akaumia mgongo, akaacha kazi ya ghala, tukawa tunaishi kwa mshahara wangu wa kuhudumia wazee. Kwa mapato yale tulistahili kusamehewa tozo yote. Hatukuomba, kwa sababu mstari wenyewe hatukuwahi kuuona. Siku niliyokuja kujua, nilibeba kopo langu mpaka dirishani, ofisi ya wathamini wa mji. Yule dada akazikunjua karatasi moja moja, akazipanga kwa miaka, akazihesabu. Sita. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekosa basi la mwisho, akaniambia naweza kuomba wa mwaka huu, ya nyuma hayarudi. Wazee wetu walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo, ila lilikaa kwenye kopo.

Msamaha huo uko hivi. Lazima uwe mwenye nyumba na uwe unakaa humo Januari 1. Kama hujafika miaka 60, mapato ya nyumba nzima yasizidi asilimia 80 ya mapato ya kati ya eneo lenu, yaani kile kiwango ambacho nusu ya kaya zinapata zaidi yake na nusu pungufu. Ukishafika 60, kiwango kinapanda hadi asilimia 100. Wanahesabu kipato cha kila mkaaji wa miaka 18 na zaidi, isipokuwa mwanafunzi wa kutwa. Kwa hiyo na kodi ya wapangaji wako itahesabiwa, usiifiche. Na ombi ni la kila mwaka. Ukisamehewa mwaka huu, mwakani unaanza upya. Fomu iko kwa wathamini wa jiji na ina tarehe ya mwisho; ukipita tarehe, ndiyo ile hadithi ya kopo.

Nani aliipitisha? Sheria yenyewe ni ya jimbo, ilitiwa saini Septemba 2000 na gavana Paul Cellucci, lakini haiingii mji wowote mpaka wapiga kura wa mji huo waikubali kwenye sanduku. Mji unachagua kiwango chake, mwisho asilimia 3. Worcester walipiga kura Novemba 2022, wewe hukuwapo. Boston walikwishasema ndiyo 2016, kwa asilimia 1. Jimbo lina miji mikubwa na midogo 351, na zaidi ya nusu wameshaingia.

Kuikataa peke yako huwezi, kama usivyoweza kukataa kulipia taa za barabarani. Mji unaweza kujitoa kwa kura, lakini mpaka ipite miaka mitano tangu kuikubali. Na kabla hujaanza kukusanya saini za kuiondoa, nikukumbushe siku uliyotia saini hati. Kwenye lile rundo la gharama za kufunga mauzo palikuwa na ada ya kusajili. Ndani ya ada hiyo, dola 50 kwa kila hati kubwa huenda kwenye mfuko wa jimbo wa sheria hii hii. Wewe umesajili hati ya nyumba na hati ya mkopo, hizo ni dola 100. Kila anayenunua nyumba Massachusetts anailipa ada hiyo, awe kwenye mji wenye CPA au usio nayo, lakini mfuko ule unagawiwa miji iliyoikubali tu. Wale waliokataa wanachangia harusi ambayo hawakualikwa.

Mwanzoni jimbo lilikuwa linarudisha dola kwa dola: mji ukikusanya milioni moja, unapata nyingine juu yake. Miji ikaongezeka, na pilau ni ile ile, kila sahani ikapungua mpaka jimbo likawa linarudisha chini ya asilimia 20 kwa miji mingi. Ndipo mwisho wa 2019 ile ada ikapandishwa kutoka dola 20 hadi 50. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "serikali inaongezea", ni kweli, lakini muulize mwaka huu inaongezea ngapi.

*Shangazi, hujambo? Nimepanga Dorchester, nyumba ya familia tatu. Mwenye nyumba ametuletea ujumbe kwamba kodi inapanda dola 150 kwa mwezi kwa kila familia "kwa sababu ya tozo ya CPA ya jiji". Mimi sina jengo. Inanihusu nini?*
*Mama wa watoto wawili, Boston*

Sijambo, mdogo wangu. Leo tunakaa na kalamu kutwa.

Chukua nyumba hiyo ina thamani ya dola 900,000. Boston nao wanaondoa 100,000 za kwanza, zinabaki 800,000. Kwa kiwango cha dola 11 kwa elfu, kodi ya kupigia hesabu ni 8,800. Asilimia 1 yake ni dola 88. Gawanya kwa familia tatu: dola 29 na senti kwa mwaka. Kwa mwezi ni dola mbili na senti arobaini na nne. Bei ya chai ndogo bila andazi.

Sasa, sheria haimzuii kupandisha. Wapiga kura wa Massachusetts walifuta udhibiti wa kodi za nyumba mwaka 1994, na akitaka 150 atadai 150 kwa taarifa inayotakiwa. Lakini asiisingizie CPA. Mwandikie kwa adabu, umwombe akuonyeshe bili, mstari wa CPA tu. Nina shoga yangu alifanya hivyo. Mwenye nyumba hakujibu, ila wiki mbili baadaye 120 ikawa 60. Sikuahidi kwamba wako atakuwa na haya kama yule.

Na inakuhusu, tena kuliko unavyofikiri. Kila mwaka mji lazima utenge angalau asilimia 10 ya fedha hizi kwa makazi ya watu wa kipato cha chini na cha kati, asilimia 10 kwa majengo na vitu vya kihistoria, na asilimia 10 kwa maeneo ya wazi na michezo. Zinazobaki mji unazielekeza utakako kati ya hivyo vitatu. Cambridge kwa miaka mingi wamezipeleka asilimia 80 kwenye makazi. Sheria inaruhusu hata kusaidia mtu kulipa kodi ya pango au dhamana ya kuingilia nyumba, mradi mji wenyewe uwe umeanzisha mpango kama huo. Piga simu ofisi ya makazi ya jiji, uulize kama upo. Wewe ndiye unayelipa zile dola mbili na senti arobaini na nne, hata kama jina kwenye bili si lako.

*Bwana asifiwe Shangazi. Kanisa letu linapanga ibada ya Kiswahili kwenye jengo la zamani sana, paa linavuja. Tunaweza kuomba CPA?*
*Mama wa kwaya*

Milele amina. Jibu langu ni fupi na halitakufurahisha. Jengo likiwa limeorodheshwa na jimbo kuwa la kihistoria, au tume ya historia ya mji ikasema lina umuhimu, mlango uko wazi nusu. Ila katiba ya jimbo inabana fedha za umma zisiende kusaidia kanisa. Mwaka 2018 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilizuia fedha ambazo mji wa Acton ulitaka kutoa kukarabati madirisha ya vioo vya rangi ya kanisa moja, yenye picha za dini. Mahakama haikusema makanisa yote yamekatazwa milele. Ilisema kila ombi litazamwe lilivyo. Paa si kioo chenye picha ya Yesu, lakini hata hivyo msiende bila mwanasheria. Na kwa kuwa ninyi mmepanga tu, mwombaji ni mwenye jengo. Mwulizeni yeye kwanza kama ana nia.

*Shangazi habari. Nafundisha mpira vijana wetu hapa Lowell, Wakenya, Wakongo, Wakambodia, wote wamo. Uwanja wa jiji tunaochezea mvua ikinyesha ni bwawa. Nimeambiwa tuombe CPA tuwekewe nyasi za bandia kama za miji ya matajiri. Nianzie wapi?*
*Kocha, Lowell*

Habari nzuri, Kocha. Anza kwa kufuta nyasi za bandia kwenye karatasi yako. Sheria imezitaja kabisa: fedha hizi haziwezi kununua nyasi za bandia za uwanja wa michezo. Wala haziwezi kujenga stediamu au ukumbi wa michezo wa ndani. Ukipeleka ombi lenye maneno hayo, watalirudisha.

Lakini wewe umeniambia tatizo lako mwenyewe, na si nyasi. Ni maji. Kusawazisha ardhi, kuchimba mifereji, kuweka mabomba ya kupitisha maji chini, kupanda majani upya, uzio, taa, njia ya mtoto wa kiti cha magurudumu kufika pembeni ya uwanja: hayo yote yanaombeka. Mipira, jezi, nauli, posho yako, na kukata majani kila wiki haviombeki, maana fedha hizi ni za kutengeneza na kukarabati. Matunzo ya kila siku hazigusi. Lowell walipiga kura ya ndiyo Novemba 2019, kwa asilimia 1, kwa hiyo mfuko upo na kamati ipo.

Kamati ndiyo kila kitu. Ina watu watano hadi tisa, na viti kadhaa ni vya lazima: mmoja wa tume ya uhifadhi wa mazingira, mmoja wa tume ya historia, mmoja wa mipango miji, mmoja wa viwanja na bustani, mmoja wa mamlaka ya nyumba za jiji. Wao wanapendekeza, baraza la jiji linapitisha. Baraza linaweza kupunguza au kukataa, lakini haliwezi kuongeza hata senti, wala kutoa fedha kwa jambo ambalo kamati haikulipendekeza. Kwa hiyo usipoteze jioni zako kumbembeleza diwani kabla hujaonana na kamati.

Nikusimulie jioni yangu moja kwenye kikao cha wazi cha mji wetu. Nilikwenda na ufumaji wangu, nikijua nitachoka. Kulikuwa na maombi mawili usiku ule. La kwanza la mawe ya makaburi ya zamani, yale membamba ya kijivu yenye fuvu na mabawa, yameinama, mengine yamevunjika katikati. La pili la kurekebisha bembea na kiwanja cha watoto. Moyoni nikasema haya, watoto hawana bembea, mtu anaombea mawe.

Wa makaburi walikuja saba. Bibi mmoja wa miaka themanini na kitu alikuwa na bahasha ya picha, akaipitisha mkono kwa mkono: jiwe lile lile alivyolipiga mwaka ule, na mwaka ule, na mwaka ule, mpaka herufi zikaisha. Walikuwa na bei kutoka kwa mafundi wawili. Walijua kila jiwe ni la nani. Wa bembea hakuja hata mmoja. Kulikuwa na barua pepe iliyosomwa na mwenyekiti, mistari minne, haina bei. Makaburi yakapata fedha zote walizoomba. Bembea wakaambiwa walete ombi mwakani.

Nilipokuwa narudi nyumbani nikakumbuka kwetu Tanga, makaburi ya nguzo ya Tongoni. Tulikuwa tunapelekwa na shule. Nguzo nyingi zimeshaanguka, tukazikalia kula mihogo yetu, na mwalimu akasema hayo ni ya wazee wa kale, basi. Kule nyumbani tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, unanunua umeme inaondoka hapo hapo. Sijawahi kusikia mtu akisema senti fulani ya hiyo inyanyue nguzo ya Tongoni. Usiku ule nilimwonea wivu yule bibi na bahasha yake, Kocha, na sikutegemea.

Basi fanya hivi. Kwanza mwone mtu wa viwanja na bustani wa jiji, kwa sababu uwanja ni wao na ombi lisilo na mwenye ardhi ndani yake halifiki mbali. Mwambie ataje kwenye ombi kwamba matunzo baadaye yatakuwa ya jiji. Kamati zinapenda kusikia hilo. Pili, pata bei mbili za kazi ya maji, kutoka kwa watu wanaofanya kazi hiyo, zisiwe za kubuni. Tatu, kuanzia leo, kila mvua ikinyesha, simama pale pale kwenye kona ya goli la upande wa maegesho, piga picha, andika tarehe. Miji mingi hupokea maombi majira ya majani kupukutika na kuamua majira ya kuchipua. Tarehe za Lowell ziulize mapema, usije ukakuta wameshafunga.

Siku ya kikao usiende peke yako na tai. Wachukue watoto kumi wakiwa na jezi, na mzazi Mkongo mmoja, na Mkambodia mmoja, na yule mama yako mmoja anayepiga kelele kuliko wote pembeni ya uwanja. Mwache mtoto aongee kwanza, dakika moja, aeleze mpira unavyosimama kwenye dimbwi mbele ya goli huku kipa amekwisha kuanguka. Picha zipite mkono kwa mkono. Na kama una viatu vya siku ya mvua ambavyo hujavisafisha, viweke kwenye mfuko wa plastiki, uvitoe wakati wa maswali.